Siku Mama Mkwe Alipoingia Uwanjani

Mpaka leo sipendi kusikia mpira ukianguka na kudundadunda peke yake, bila mtu wa kuudaka. Wajukuu zangu wanajua. Wakicheza uani na mmoja wao akauachia, hunitazama mimi kwanza, kisha ndipo wanaukimbilia. Wanadhani ni ukali wa uzee. Si ukali. Sauti ile hunirudisha Kasongo, zamani za Wabelgiji, kwenye uwanja wa kiwanda cha pamba, na kila nikirudi huko namkuta mtu yule ameshanipa mgongo, anakimbia.

Kiwanda kilikuwa na timu ya basiketi. Padri mmoja ndiye aliyetufundisha mchezo wenyewe. Mafundi walikunja vyuma vya mapipa wakavifanya pete za goli, nasi tukatandaza udongo wa kichuguu na kuutwanga mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Hakuna aliyepewa mshahara wa kucheza, lakini kila mchezaji alipewa kazi kiwandani, na kazi ndiyo iliyokuwa maisha. Mwenye kazi alikuwa na kitabu cha kazi, na mwenye kitabu aliruhusiwa kukaa mjini na mke wake. Asiye na kazi alirudishwa kijijini kulima pamba ya lazima na kutengeneza barabara.

Ikafika mwaka timu ikavunjika, kwa sababu wachezaji watano walikimbilia kazi za migodini. Mkubwa wa kiwanda, Mbelgiji mwenye shingo nyekundu tuliyemwita Direkta, akaapa kuijenga upya. Mimi nilikuwa karani wa mizani ya pamba, tena kapiteni wa timu. Akaniita akasema kipaji cha mtu atakiona kwa macho yake mwenyewe, lakini tabia nitamwambia mimi, maana mimi ni mzaliwa wa mji na watu nawajua. Kichwa kikanivimba. Nilizoea kupima pamba, sasa nimepewa kupima watu! Nikaanza kutembea mjini taratibu, wenye kutafuta kazi wapate kunisalimu.

Kati ya wapya alikuja Mbangubangu mmoja kutoka Kabambare. Alikuwa mchukuzi wa marobota ya pamba, kibarua asiye na kitabu bado, mwenye mikono mirefu, na padri alimwona akiyarusha juu ya lori bila hata kutazama yanaangukia wapi. Yote yalikaa mahali pake. Mpira nao ulimtii vilevile. Ulipomtoka mkononi, sisi wengine tulianza kurudi nyuma kujihami kabla haujaingia, kwa kuwa tulijua utaingia.

Hakutafuta sifa. Mke wake alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliishia kwa msiba kijijini, watoto wakafa wakati wa kuzaliwa, na daktari wa Kasongo alisema safari hii mama yule azalie hospitalini mbele ya macho yake, la sivyo asimlaumu mtu. Mwenyewe alinieleza hayo tumekaa kwenye kivuli cha ghala.

"Yaya," aliniambia, na yaya kwetu ni kaka mkubwa, "miye sitafute jina. Natafuta miezi tu ya kukaa hapa. Mutoto akizaliwa muzima, hata wanifukuze kesho yake, nitaenda nikiimba."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Na siku ile nilisema kwa moyo mweupe.

Lakini moyo hauna mlango wa kufuli. Kabla hajaja, akina mama wauza karanga walipaza sauti wakiniita mimi kila nilipogusa mpira. Alipokuja, waliniona kama kigingi cha kufungia mbuzi. Nilimwonea wivu, nasema wazi, sina haja ya kulipamba neno. Tena mimi ni wa ukoo wa waungwana wa Kasongo, babu zangu walikuja na misafara ya biashara, na Ijumaa nilivaa kanzu iliyopigwa pasi. Watu wa vijijini tuliwaita washenzi bila kuona haya. Mama yake mama yangu mwenyewe alikuwa Mbangubangu wa Kabambare, ila mbele ya wageni hatukumtaja.

Siku ya mchezo wa kujaribiana na timu ya Kindu ikafika. Direkta alikaa kwenye kiti chake, karatasi ya majina magotini, na alikwisha kusema kwamba baada ya mchezo huo ataamua nani abaki. Jua lilikuwa linaelekea kushuka, tumefungana. Mtu wa Kabambare akapata mpira karibu kabisa na goli, hakuna wa kumzuia. Akainua mikono.

Ndipo mama mmoja mwenye kikapu kichwani akapasua watu akasimama chini ya goli, akiuliza kwa sauti kiwanda kiko wapi. Alikuwa ametembea kutoka Kabambare siku nyingi kuja kumwangalia bintiye mwenye mimba. Alikuwa mama mkwe wake.

Yule mtu aliuachia mpira. Akajifunika uso kwa fulana, akageuka, akakimbia mpaka nyuma ya maghala. Mpira ukadunda, ukadunda, ukabingirika hadi miguuni pa mtu wa Kindu, nao wakatufunga. Uwanja mzima ulikufa kwa kicheko. Yule mama naye alijifunika uso kwa kitenge, akageuka upande wa pili akaondoka upesi, kikapu kikiyumba. Mkwewe hakurudi uwanjani, akihofu kwamba mama yule angali pale.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua. Utotoni nilipelekwa Kabambare kwa bibi, na siku moja nilikuwa njiani na mjomba wangu, mara akajitupa majanini na jembe lake, akachutama huko mpaka mama mmoja akapita. Nikaangua kicheko. Bibi aliposikia alinivuta sikio mpaka likawaka moto. "Mukwe haangaliwe," akasema. "Anayemukazia mama mukwe macho ni kama amemuvua nguo mbele ya watu." Kwa hiyo pale uwanjani nilijua kwamba mtu yule ameacha goli, jina na kazi ili asimvunjie heshima mama wa mke wake. Kama nilitumwa kupima tabia, basi nilikuwa nimeiona yote, imejaa mpaka juu.

Jumatatu Direkta akaniita ofisini. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Alizungumza nami Kiswahili chake cha Kizungu.

"Ule mutu wa Kabambare," akaniuliza, "iko mungwana?"

Neno hilo alilijifunza kwetu, lakini alilichukua nusu. Kwake mungwana alikuwa mtu mwenye adabu, wa kutegemewa. Kwetu Kasongo mungwana ni mtu wa nasaba fulani, wa nyumba za zamani za mji. Nilijua vizuri anachoniuliza. Nikamjibu kwa maana ya pili.

"Hapana, Bwana. Haiko mungwana."

Ulikuwa ukweli mtupu. Ningeweza kula kiapo mbele ya kadhi nisitikisike. Direkta akapiga mstari juu ya jina, akaniuliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kuongeza, kwamba alikimbia kwa heshima. Niliiona mdomoni mwangu. Nikasema hakuna.

Hawakumaliza juma. Niliwaona wakiondoka kwa njia ya Kabambare. Mama mkwe alitangulia mbali mbele, mkwewe alifuata mbali nyuma, na katikati alitembea mke wake na tumbo lake, mkono mmoja mgongoni. Mke ndiye aliyesimama mara kwa mara kumsubiri wa nyuma, kisha akaharakisha kumfikia wa mbele, akibeba maneno ya huyu kwa yule. Nilijificha nyuma ya dirisha la mizani. Yeye alimkimbia mkwe kwa heshima, na mimi nilimkimbia yeye kwa woga.

Habari ilikuja na dereva wa lori la pamba. Mke wa mtu yule alikufa kwenye uzazi, na mtoto pamoja naye.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kushtuka mchana. Nikiwa nasoma mizani, nasikia mpira nyuma yangu. Nikigeuka, ni robota limeangushwa. Nikiswali, katikati ya aya namwona mwanamke amesimama njiani, mkono mgongoni, anasubiri. Nilijiambia kwamba angeweza kufa hata Kasongo, kwani siku za mtu ziko kwa Mungu. Ni kweli pia. Nimegundua kwamba mimi ni fundi wa maneno ya kweli.

Msimu wa kununua pamba ulipofika, nilitumwa na mizani yangu Kabambare. Alikuwa kwenye mstari, kikapu mgongoni, amekonda. Nikainamia mizani. Lakini yeye aliponiona alicheka kwa furaha, akaniita yaya mbele ya watu wote.

"Hapa walisema watu wa Kasongo wamenitupa," akaniambia baada ya kupima pamba yake. "Nikawaambia, muzungu hakujue desturi yetu, na kapiteni wangu ni mutoto wa muji, naye hakuijue. Angejua, angesema. Ule mutu namujua."

Sikuweza kumtazama. Akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Yaya, unisaidie. Mukwe wangu anasema miguu yake ndiyo imeua mutoto wake, kwa sababu iliingia mule uwanjani. Zamani muke wangu alipeleka maneno yangu kwake. Sasa hakuna mutu. Wewe ulikuwa pale. Umwambie haiko yeye."

Nikaenda. Mama yule alikuwa amekaa mlangoni anabangua karanga. Alinipa kigoda, akanikaribisha, nami nikamfikishia maneno ya mkwewe yote, hili baada ya hili. Alisikiliza bila kuacha kubangua. Nilipomaliza akaniuliza:

"Mutoto wangu, wewe ulikuwa pale?"

"Ndiyo, mama."

"Kati ya wale watu wote, hakukuwa hata moja mwenye kujua desturi yetu, amuelezee muzungu?"

Alinitazama usoni, macho yake yakiniomba kitu. Sasa naelewa alitaka nimtajie mtu. Mtu yeyote. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakukuwa."

Akaitazama miguu yake, imejaa vumbi na nyufa.

"Basi ni miye," akasema. "Ni miye tu."

Kisha akachota karanga kwa mikono miwili, akanijazia mfukoni, akasema nile njiani.