Salfa ya Bandia Kutoka Ng'ambo ya Ruvuma

Mwanangu, ipo siku moja haijanitoka akilini mpaka leo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina duka la pembejeo pale Chikongola, najiona mjanja kuliko wenzangu wote. Ng'ambo ya mto Ruvuma, nchi jirani, nilipata salfa, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho isishikwe na ukungu, kwa nusu bei, mifuko yake ina nembo ile ile wanayoiamini wakulima. Mzigo wa kwanza ulipita. Wa pili ukakamatwa mpakani, Kilambo.

Ofisa wa forodha, mwanamke mpole wa sauti, alilowesha kidole akasugua nembo. Wino ukamganda kidoleni.

"Dada, hii bandia."

"Mimi sikujua, afande."

"Hata bei haikukushtua?"

Ilinishtua, mwanangu, ila niliamua kutouliza.

Mzigo ukateketezwa kwa gharama yangu. Mahakamani nikaambiwa faini au kifungo. Niliuza kiwanja changu cha Likombe nikalipa, nikarudi nyumbani najihurumia. Shangazi yangu, Bi Somoe, mkulima wa Naliendele, akanifuata. Nilidhani analeta pole.

"Mzigo wa kwanza uliwauzia kina nani?"

"Shangazi, ule hakuna anayeujua."

"Mimi ninayo mifuko minne ndani. Nimenunua kwako kwa kuwa u mtoto wa kaka yangu. Maua ya mikorosho yangekauka, ningesema ni kazi ya Mungu. Kumbe ni wewe!"

Faini haikuniliza, mwanangu. Maneno yale yaliniliza.

Kesho yake nilianza kupita nyumba kwa nyumba, nasema kwa mdomo wangu kwamba nimewauzia salfa ya bandia, naomba mifuko irudi. Wapo walionitukana, mzee mmoja alinifungia mlango usoni. Na wapo waliokwisha kupuliza. Mikorosho yao iliingia unga mweupe, ukungu unaokausha maua, msimu ule, na sikuwa na la kuwaambia zaidi ya kuomba radhi.

Ilichukua misimu mitatu watu kurudi dukani. Walirudi. Leo mtu akinunua kwangu, mimi ndiye ninayemwambia akague mfuko kwanza.

Basi nakuusia: bei ikikushangaza, uliza kabla hujalipa. Ukikosea, usingoje ukamatwe ndipo useme. Sheria itakutoza faini mara moja, lakini aliyekuamini utakutana naye kila siku. Mungu akupe riziki safi, mwanangu, na ulimi mwepesi wa kukiri kosa. Amina.