Mahari Yangu, L ya Mguu

Haya, nyinyi watu wa simu, wekeni hizo vitu chini na msogeze viti. Na wewe wa hapo nyuma unacheka kabla sijaanza, cheka polepole, cheko kubwa iko mbele.

Siku ya kwanza kazini nilifika Kakamega mjini na viatu ya kuomba, nikaingia karakana ya mabango. Mkubwa wetu tulimwitanga Fundi Mkuu. Huyo mtu alikuwa na mkono imetulia mpaka nzi inaweza lala kwa brashi yake na isiamke. Akaniangalia.

"Unajua kuandika?"

"Jina yangu tu, Fundi."

"Basi hiyo usahau. Bango ni ya mwenye duka. Jina yako ikae kwa kitambulisho."

Akanifundisha. Unapiga bati msasa mpaka ing'are. Unapaka koti ya kwanza, ile ya kushikanisha rangi. Ikikauka unavuta uzi wa chaki huku na huku, unaachilia, pa, mstari umenyooka kuliko barabara ya serikali. Halafu inakuja sheria kubwa. Huku kwetu ulimi haujali, mtu anasema R akimaanisha L na jua inawaka tu. Lakini bango inasomwa na wageni. Kwa hivyo kabla brashi iguse bati, lazima uulize mteja: "L ya mguu ama R ya tumbo?" L imenyoosha mguu chini, R imetoa tumbo mbele.

Nilikuwa nauliza hata padri.

Wakanituma Navakholo kuandika kinu cha unga. Herufi zilikuwa kubwa mpaka watu wa ng'ambo ya mto walikuwa wanazisomea watoto. Wakanituma Khwisero, buchari, duka ya nyama, nichore fahali kwa ukuta. Nilichora hiyo fahali, haki ya Mungu, Afisa wa Mifugo akasimamisha pikipiki akauliza kama imechanjwa. Mwenye buchari akamwambia, "Bado, ngoja ikauke."

Ukitembea Kakamega yote siku hizo ulikuwa unasoma mkono yangu. Lakini jina? Za watu tu. Ukuta yenye ilikuwa na jina yangu haikuwa hata moja, na hiyo kitu ilikuwa inanikuna hapa kwa kifua.

Ndiyo mashine ikakuja. Unaingia duka, kijana anabonyeza, bango inatoka ikiwa imeandikwa, na picha ya kuku juu, hata hujamaliza chai. Nikastaafu bila mtu kuniambia nimestaafu.

Sasa mwaka jana, niko nyumbani nakula obusuma na ingokho, ugali na kuku yetu, Afisa wa Utamaduni akanipigia. Huyo ni kijana wa hapa hapa, ulimi kama yangu.

"Mzee, kuna shindano ra dunia nzima. Sanaa ya kisasa. Watu wa nchi zote. Nataka nikupereke wewe."

"Kisasa ni nini?"

"Ni kitu mtu anaangaria na haerewi mara moja."

"Na ukishinda?"

"Picha inawekwa kwa ukuta huko ng'ambo, jina yako chini."

Vijana, nikarudisha ingokho kwa sahani. Jina yangu. Ukuta.

"Wanataka nichore nini?"

"Mahari yako. Hiyo ndiyo mada. Toa kitu ya moyo."

Mtu amefanya kazi maisha yote akiuliza mguu ama tumbo. Hiyo siku, kwa furaha, sikuuliza.

Nikatafuta bati laini, nikapiga msasa, nikachora ng'ombe yenye nilipelekea baba ya mke wangu. Ile ya kahawia, paji nyeupe, yenye ilikaa chini mlangoni kwa wakwe ikakataa kuingia mpaka wakaiimbia. Mama Nafula, ndiye mke wangu, akasimama nyuma yangu mikono kiunoni.

"Baba Nafula, hiyo ng'ombe haikunenepa hivyo."

"Imekula tangu siku hiyo."

"Ungeleta ya namna hii, baba angekupa kiti."

Afisa akapiga picha, akajaza mambo yote mwenyewe kwa kompyuta. Tukangoja. Halafu akakuja mbio mpaka kiatu moja ikabaki njiani: tumeingia kwa wachache wa mwisho, majaji wanataka kuniona kwa kompyuta ofisini kwake. Wakiridhika, picha inaenda. Wasiporidhika, imerudi jikoni kufunika mtungi.

Nikavaa suti ya harusi. Mama Nafula akakaa kwa benchi nyuma yangu. Kwa kioo wakatokea majaji watatu, na Mwenyekiti wao ni mama wa miwani kubwa kama taa ya lori. Akaongea, Afisa akanigeuzia maneno kwa Kiswahili.

"Anasema mkono yako ni safi. Rakini haoni mahari."

"Si ndiyo hiyo anaangalia?"

"Hiyo ni ng'ombe, mzee. Anauriza mahari iko wapi."

"Mahari ni ng'ombe!"

"Si mahari. Mahari. Pahari unatoka."

Jasho ikanishika mpaka kwa soksi. Nikamuuliza polepole, "Kijana. L ya mguu ama R ya tumbo?"

Akafunga macho. "Ya mguu."

Mama wa miwani anangoja. Afisa ananinong'oneza, "Sema kitu, mzee, wakifunga hapa tumetoka." Nikaona jina yangu ikishuka kwa ukuta ya watu.

Nyuma yangu benchi ikalia. Mama Nafula amesimama.

"Mwambie huyo mama sikuzaliwa hapa. Hiyo ng'ombe ilienda kwetu, mimi nikakuja kwa huyu. Kila kitu naitanga nyumbani, ni hiyo ng'ombe iliniletea."

Afisa akageuza maneno. Mama wa ng'ambo akatoa miwani. Wakaanza kuongea wote watatu pamoja, Afisa akashindwa kufuata.

"Wanasema nini?"

"Wanasema hawakuwa wameerewa mara moja," akasema, meno yote nje. "Picha inaenda."

Nikachukua brashi ile nyembamba ya herufi ndogo. Fundi Mkuu, huko ulikozikwa, geuka uangalie upande ingine. Nikaandika jina yangu pale chini kwa kwato.

Gari ikakuja kuchukua sanduku kuipeleka kwa ndege. Majirani wamejaa, Afisa amevaa tai. Mama Nafula akaangalia hiyo gari mpaka ikakata kona, akatikisa kichwa.

"Yaani ng'ombe ya baba yangu imepanda ndege kabla yangu."