Ng'ombe wa Baba Hawahesabiwi

Mjukuu wangu akikaanga kitu kwa samli, mimi hutoka jikoni. Yeye hudhani harufu inanichefua, nami humwacha adhani hivyo, maana kumweleza ni kazi ndefu. Ninyi nitawaeleza. Harufu ile ni ya kaka yangu Mkumbo, asubuhi ya mtihani wa darasa la nne. Mama alimpaka samli kuanzia magotini mpaka vidoleni, kisha akamrudia usoni, ili asimame mbele ya wageni aking'aa. Aling'aa kweli. Nzi wote wa kijiji chetu cha Ulemo nao waliona anang'aa, wakamsindikiza mpaka mlangoni mwa shule, naye akawa anatembea huku anarusha mateke, mimi nyuma yake nikicheka mpaka mbavu zinauma. Sikujua kwamba hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwangu kucheka jambo lolote lililohusu mtihani.

Siku zile za Mwingereza, ukimaliza darasa la nne ulikuwa umefika njia panda. Ukichaguliwa, unakwenda shule ya kati, unalala bwenini, na baadaye unaweza kuwa mwalimu, karani au tabibu. Usipochaguliwa, unarudi kuchunga na habari yako imekwisha. Mkumbo aliitaka shule ya kati kwa moyo wake wote. Malishoni alifanya hesabu mchangani, na palipokuwa na majani matupu aliziandika kwa kijiti kwenye ngozi kavu ya paja lake. Mama akiona paja limejaa mistari myeupe, alisema, "Leo huyu ametoka kugawanya."

Mtihani wa kuandika aliumaliza kabla ya wenzake. Mwalimu Zakaria, aliyetufundisha sote katika chumba kimoja, darasa la pili tukitazama ukuta huu na la nne ukuta ule, alipita nyuma yake akachungulia, akashindwa kuficha tabasamu. Ikabaki sehemu ya pili, ya kujibu kwa mdomo mbele ya mkaguzi. Sisi wadogo tuliambiwa tukae sakafuni kule nyuma, tusikohoe.

Kabla sijafika kwa mkaguzi, lazima mjue jambo moja la kwetu. Ng'ombe hawahesabiwi. Jioni baba alisimama langoni mwa zizi akiwatazama wanavyoingia, na kila mmoja alimjua kwa rangi, kwa pembe, na kwa mama aliyemzaa. Akikosekana mmoja, alijua kabla lango halijafungwa. Lakini kutamka kwa mdomo kwamba wako kadhaa, hilo halikuwapo, kwa sababu ni kuwaonyesha kwa kifo. Hata watoto ilikuwa hivyo hivyo. Mgeni akimuuliza mama ana watoto wangapi, alijibu, "Wapo tu." Na mgeni akimuuliza mtoto habari za zizi, mtoto aliyelelewa vizuri hujibu kwamba hajui, aulizwe baba. Tulifundishwa hivyo kabla hatujafundishwa kuvaa nguo, na wako wazee waliotuuliza makusudi, wapate kujua tumelelewaje.

Mkaguzi alikuwa Mzungu mwembamba, shingo nyekundu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Sitamsingizia ubaya. Alimwambia Mwalimu Zakaria kwamba hapendi kuwauliza watoto habari za meli na treni ambazo hawajaziona, na kwa hiyo atawauliza mambo ya nyumbani kwao. Mwalimu akashukuru. Pembeni aliketi jumbe wetu, mzee mkali mwenye koti la jeshi, aliyekuja kwa sababu palipo na mgeni lazima jumbe awepo.

Aliyeanza ni Elia, mtoto wa seremala. Mkaguzi akamuuliza baba yake ana ng'ombe wangapi.

"Kumi, Bwana!"

"Akiuza watatu?"

"Saba, Bwana!"

Mkaguzi akafurahi. Sisi kule nyuma tulijiuma midomo, maana baba yake Elia hakuwa na ng'ombe hata wa dawa. Alikuwa na bata.

Ndipo akaitwa Mkumbo. Alisimama wima, miguu inang'aa, akaulizwa swali lile lile.

"Sijui, Bwana. Muulize baba."

Wengine walicheka, mkaguzi hakucheka. Akamwambia kwa upole akadirie.

"Wapo tu, Bwana."

"Kwani hujui kuhesabu?"

"Najua, Bwana."

"Basi nihesabie ng'ombe wa baba yako."

Mkumbo akainamisha kichwa. Mwalimu Zakaria alifungua mdomo, akaufunga, kwa sababu mwalimu haruhusiwi kusema neno katika mtihani. Yeye alikuwa mtu wa kwetu, alijua kinachotokea, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Jumbe naye alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mkaguzi akaandika kitu kifupi, akaita mwingine.

Sasa sikieni kilichofuata, maana ndicho kinachoniuma zaidi. Jumbe alipita kwetu jioni ile ile akampongeza baba. Akamwambia, "Mwanao ni mtu. Mzungu amembana mbele yangu, hakutoa siri ya nyumba." Baba alifurahi mpaka akashindwa kukaa. Aliamini kwamba huo ndio mtihani wenyewe, kwamba Serikali imewapima watoto wetu kama tunavyowapima sisi, na mwanawe ameshinda. Akachinja beberu. Majirani wakaja wakala, wakamsifu Mkumbo kwa kunyamaza kwake. Mkumbo alipewa ini, akaketi nalo mkononi bila kula. Yeye alikuwa anajua.

Majina yalipokuja, lake halikuwamo. La Elia lilikuwamo. Mwalimu Zakaria aliyasoma nje ya shule, wazazi wamesimama, na alipomaliza baba alidhani bado, akaendelea kusimama akingoja. Watu walianza kuondoka. Baba akasogea, akavua kofia.

"Mwalimu, wa kwangu umemruka."

"Sijamruka, mzee wangu. Wameandika kwamba hajui hesabu."

 Baba alikuwa mtu mwenye akili, na niliona anavyoyaunganisha yote, swali la Mzungu, sifa za jumbe, beberu aliyekwisha kuliwa. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baada. Akakunja kidole kimoja, akamtaja yule mweusi mwenye paji jeupe. Akakunja cha pili, akataja mwingine. Aliwahesabu wote kwa sauti, pale uwanjani, mbele ya watu, vidole vikiisha anaanza upya, mpaka akamfikia ndama aliyezaliwa juma lile. Kisha akatamka jumla. Sitaitaja hapa, hata leo mdomo wangu unakataa.

"Haya, wamehesabiwa," akasema. "Waandikie. Waambie anajua, ni sisi tuliomkataza."

Mwalimu Zakaria alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye chaki. Akasema karatasi zimekwisha kwenda Singida na hazirudi. Mama alikuwa amejifunika kanga kichwa kizima, kwa aibu ya kile alichokisikia.

Mwaka uliofuata mvua ilikata. Malisho yakaisha na ng'ombe wakafa wengi, hata wale waliotajwa mwanzo. Walikufa wa kila mtu, hata wa wale ambao hawakuhesabu, lakini mama hakutaka kusikia hilo. Hakumlaumu baba kwa maneno. Aliacha tu kwenda langoni jioni.

Mkumbo alichunga waliobaki, akakua, hasemi sana. Sikumwona tena na mistari pajani. Lilipokuja lori la kuchukua vijana wa kwenda mashamba ya mkonge, alipanda. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikalia, nikamwambia asiende, yeye ana akili kuliko wote hawa. Akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto anayeropoka.

"Acha, mdogo wangu. Walinipima wakaona sina kitu. Wanaopima wanajua."

Hatukupata habari zake tena. Baba aliulizia kwa kila aliyerudi kutoka pwani mpaka alipofariki.

Mimi niliendelea kusoma kwa sababu misheni walifungua darasa la wasichana, nikawa mwalimu, nikatunga mitihani yangu na kusahihisha mingi. Kwa miaka nilimkasirikia baba na mila zake, halafu nikamkasirikia Mzungu na swali lake. Nilikuwa mtu mzima nilipokwenda kumwona Mwalimu Zakaria, mgonjwa, macho yamepofuka, nikamuuliza. Akaniambia kwamba shule yetu ilikuwa imepewa nafasi mbili tu, na kwenye karatasi za kuandika watoto waliofaa walikuwa wengi kuliko nafasi. Mkumbo alikuwa wa kwanza wao. Yale mahojiano hayakuletwa ili ijulikane nani anajua. Yaliletwa ili wapatikane wa kuachwa, na iandikwe sababu.

Kwa hiyo angeitaja idadi, angeachwa kwa kosa jingine, au angeachwa mwenzake na kilio kingehamia nyumba ya jirani. Vitanda vilikuwa vichache, basi. Kumwambia mtoto kwamba vitanda vimejaa ilikuwa vigumu, kumwambia hana akili ilikuwa rahisi zaidi, na mtoto aliamini. Alipanda lori akiamini. Mpaka leo sijui amezikwa wapi, na neno hili moja, ambalo lingemtosha, sina wa kumpelekea.