Namba Niliyoichagua

Mimi ndiye niliyeifuta namba ya mashine ya maji ya kitongoji chetu. Niliifuta kwa jivu na limau, kila Alhamisi, miaka yangu yote ya shule ya msingi, na nilisifiwa kwa kazi hiyo.

Mashine yenyewe ilikaa bondeni, ndani ya kibanda cha mawe, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Lushoto mjini. Iliundwa Ujerumani na ililetwa huku enzi za Wajerumani. Haikutaka mafuta wala umeme. Maji ya kijito yaliingia kwa kasi, vali ikajifunga ghafla, na kishindo hicho kikasukuma sehemu ya maji yapande mlima hadi kwenye tangi lililo juu ya nyumba zetu. Baba alikuwa mtunzaji wake, kazi aliyoipokea kwa baba yake. Raba ya vali ikichakaa, alikata nyingine kutoka kwenye tairi la lori. Kwenye tumbo la mashine kulikuwa na kibao cha shaba chenye jina la kampuni, jina la mji na namba. Baba alitaka Ijumaa ikifika kibao kiwe kinang'aa, na kukisugua ikawa kazi yangu. Nilisugua hadi nikauona uso wangu mle, na sikujua kwamba siku zote hizo nilikuwa nazila tarakimu.

Mwaka juzi tumbo la mashine lilipata ufa. Baba alilifunga kwa mikanda ya chuma, ikaendelea kwa kusuasua, na tangini yakawa yanafika maji ya kulowesha kitako tu. Wanawake wakarudi bondeni na ndoo. Dada yangu, ambaye goti lake ni bovu tangu ujana, aliteleza kwenye ile njia na kuvunjika mkono. Nilimkuta amekaa jikoni na plasta hadi kwenye kiwiko, anajaribu kupepeta mchele kwa mkono mmoja. Nikasema hapa lazima nifanye kitu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, kwa hiyo kufanya kitu kwangu maana yake ni kuandika barua. Jina la kampuni lilikuwa bado linasomeka kwa shida pale kwenye kibao. Nililitafuta kwenye simu nikaona kampuni ipo hai, tena imenenepa, inaunda pampu za viwanda, za migodi na za meli. Zaidi ya hapo, ilikuwa inaandaa kitabu cha historia yake, na ilitafuta mashine zake za zamani ambazo bado zinafanya kazi. Mashine itakayothibitishwa itaingia kitabuni na kupelekwa kwenye jumba lao la kumbukumbu, na wenyewe watafungiwa mpya.

Mama mmoja mtunza nyaraka alinijibu kwa adabu sana. Alinitumia sura za mwanzo za kitabu nizisome. Nilisoma habari za mhunzi aliyeanza kuunda pampu kwenye banda nyuma ya nyumba ya mkwewe, jinsi kiwanda kilivyoungua, jinsi wanawe walivyokijenga upya. Sura ya vita ilikuwa fupi kuliko sura ya moto, na wafungwa waliofanyishwa kazi mle kiwandani walipewa sentensi moja. Nililiona hilo, nikatikisa kichwa, nikaendelea na shida yangu.

Alichotaka ni namba. Kila mashine tangu ya kwanza iliandikwa kwenye daftari la kampuni kwa namba yake, na bila namba, kwa masikitiko makubwa, haingii kitabuni. Akanitumia picha ya ukurasa wa daftari hilo. Mashine tatu zilipelekwa Wilhelmstal, ndilo jina waliloiita Lushoto wakati huo. Ya kwanza ilinunuliwa na misheni. Ya pili na mzungu mwenye shamba la kahawa, na maelezo yake yalijaa mstari mzima. Ya tatu ilikuwa na namba tu, mahali pa mnunuzi pakiwa patupu.

Nilimweleza baba. "Waandikie ukweli," akasema. "Waambie namba imeliwa na usafi. Watu wanaopenda mashine wataelewa."

Mwenyekiti wa kamati ya maji naye alikuwa na lake. "Mwalimu, namba ni namba. Chagua moja hapo. Watu wanataka maji, hawataki historia."

Nilichagua ya mwenye shamba la kahawa. Niliogopa kwamba pengo la ile ya tatu lingeleta maswali. Nikaandika kwamba kibao kimefutika lakini namba imehifadhiwa kwenye daftari la babu yangu. Babu hakuwahi kuwa na daftari. Baba nikamwambia wamekubali bila namba, naye akafurahi, akasema si unaona.

Ili nijisikie nafuu, niliwatumia pia kurasa tatu za simulizi ya baba. Nilieleza jinsi baba yake, akiwa kijana, na wenzake kumi na watano walivyoibeba mashine ile kwa miti kutoka stesheni ya Mombo, siku nne kupanda mlima. Kwenye kona moja mti ulikatika, na chuma kile kikamponda babu vidole viwili vya mguu. Alitembea kwa kuchechemea mpaka anakufa. Baba alinisimulia huku nachapa, na alinikataza nisiongeze chumvi.

Mafundi walikuja wawili, vijana wa heshima, mmoja amejifunza kumwamkia baba shikamoo. Kwa siku mbili mpya ikafungwa na maji yakapanda. Watu walishangilia pale tangini, nami nilishangilia nao, na kwa kweli nilijiona nimefanya jambo la maana. Ya zamani ilipakiwa kwenye gari ikashuka kuelekea Mombo. Baba hakwenda kuiaga, alisema ana palizi.

Mwaka huu kitabu kikafika. Nilikifungua hapo hapo posta. Picha ya mashine yetu ilijaa ukurasa wa kushoto, imesafishwa kuliko nilivyowahi kuisafisha mimi. Ukurasa wa kulia ulikuwa na namba niliyoichagua, na maelezo yaliifuata namba hiyo: jinsi mwenye shamba la kahawa alivyoipandisha mashine milimani kwa taabu kubwa, jinsi jamaa zake walivyoitunza, na jinsi baadaye wanakijiji walivyofaidika nayo. Mle hamkuwa na babu, wala baba, wala tairi la lori. Nilitaka kumkasirikia yule mama, nikakosa pa kuanzia. Hakudanganya. Alifuata alichopewa.

Alasiri nilimkuta baba barazani anapukuchua maharage.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kimekuja?"

Alijifuta mikono, akavaa kofia yake, akanitaka nimsomee pale alipo baba yake. Kitabu ni cha Kiingereza na Kijerumani. Nikafungua ukurasa ule, macho yakiwa juu ya jina la mwenye shamba, nikasoma kwa Kiswahili safi habari za watu kumi na sita, siku nne, mti uliokatika na vidole viwili. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akamwita dada yangu kutoka jikoni.

"Soma tena, na huyu asikie."

Nikasoma tena. Sijui ulimi ulinipelekaje, siku nne zikawa tatu.

"Mara ya kwanza ulisema nne," baba akasema.

"Nimeruka mstari, baba."

Akanyoosha mkono akakichukua kitabu. Kiingereza hakijui, lakini tarakimu anazisoma. Alipitisha kidole ukurasa mzima, taratibu, akitafuta kumi na sita, akitafuta nne. Akakisimamisha kwenye namba pekee iliyokuwapo, akaniuliza ni ya nini.

Nikamwambia yote, dada yangu amesimama na mwiko mkononi.

Hakunikaripia. Alikifunga kitabu, akanirudishia, akaendelea na maharage. Tangu siku hiyo hanywi maji ya bomba. Anashuka bondeni mwenyewe na kidumu chake, mzee wa miaka themanini na ushee, kwa njia ile ile iliyomvunja dada yangu mkono. Nikikutana naye njiani namwamkia, naye ananiitikia vizuri kabisa, kisha anapita.