Mzee Aliyekataa Kayaki Nyepesi

Juzi, kwenye duka moja la vifaa vya michezo Kariakoo, nilimkuta mzee ameketi ndani ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki, palepale sakafuni. Kandambili alikuwa amezivua kabla ya kupanda, kama vile nje yake kuna maji.

Muuzaji alikuwa anamhimiza achukue nyingine, ndogo.

"Mzee wangu, kwa kuvulia hii ndiyo yenyewe. Ina mahali pa kuchomeka fimbo ya ndoano, halafu nyepesi. Unaibeba mwenyewe begani mpaka majini."

Mzee alipapasa ubavu wa ile aliyoikalia. "Na hii?"

"Hiyo nzito, baba, ya watu wawili. Kwani utakuwa unavua na nani?"

"Peke yangu. Mama yao alishatangulia, na watoto wako mbali."

"Sasa si ndiyo uchukue nyepesi!"

"Mwanangu," mzee akasema taratibu, "kwetu Kigamboni ukirudi na chombo kizito unaita watu wakusaidie kukivuta. Wanakuja, wanakuuliza umepata nini, kila mmoja anaondoka na kitoweo chake. Hiyo nyepesi nikirudi nayo, nitamwita nani?"

Muuzaji akatoka kutafuta mkokoteni wa kuibebea ile nzito.

Mimi nilikuwa nyuma yao, nimeshika begi la magurudumu. Nililichagua kwa majivuno kabisa, kwamba sasa sitamsumbua mtu anishikie mzigo. Nililinunua. Nililikokota hadi mlangoni kwangu kwa raha zote, na hakuna aliyeniuliza natoka wapi.