Kadi ya Vidole Viwili

Mke mwenzangu hakumwamini mtu yeyote aliyejua kusoma, na kwa bahati mbaya mimi nilijua. Si sana. Nilifika darasa la sita pale Arua kabla baba hajaniambia kwamba kuna mtu wa Koboko ameniposa, mwenye lori moja na mke mmoja. Lori lilikufa kabla sijauzoea ule mji. Mke hakufa, na ndiye aliyenipokea mlangoni na kuniambia nimwite Mama Mkubwa, ingawa alinizidi umri kidogo tu.

Mume wetu alikuwa anapiga. Naliandika hivyo bila kulipamba kwa sababu mtaa mzima ulijua na hakuna aliyelipamba. Alikuwa Mwislamu wa zamu: juma moja analala kwangu, juma moja analala kwake, na hakuwahi kuruka zamu wala kumpunja mtu. Basi juma la kwangu nilipigwa mimi, na juma la kwake akapigwa yeye. Watu walimsifu kwamba anajua kugawa sawa. Mimi na Mama Mkubwa tulisikilizana kupitia ukuta wa udongo, na asubuhi yake hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Tungeweza kupendana. Hatukupendana hata kidogo.

Kilichotuunganisha ni biashara. Mama Mkubwa alisuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi ambavyo bibi harusi wa Kinubi haingii kwa mumewe bila kuwa navyo, na fedha ya tabaga ikawa mtaji. Mimi nilikuwa na miguu. Nilivuka mpaka wa Kongo, nikarudi na vitenge, tukauza nyumbani, kwa siri ya wanawake. Mtaji wake, miguu yangu, kwa hiyo faida haikuweza kutengana, kama vile unga na maji haviachani tena ukishaukanda. Tuliificha kwenye sanduku lake. Mume akaifukua akanunua redio, na kila alipoiwasha sebuleni mimi niliona vitenge vyangu vinaimba.

Hapo ndipo nilipotoa wazo la benki. Mama Mkubwa aliwaza siku nyingi, akakubali kwa sharti kwamba twende wote na nisiseme neno lolote kwa Kiingereza. Tukamdanganya mume kwamba kuna msiba Arua, tukapanda lori la pamba.

Siku zile za serikali ya jeshi, Kiswahili kilikuwa lugha ya watu wenye bunduki. Karani wa benki, kijana wa kusini mwenye tai, aliposikia sisi wawili tunakizungumza alituita mbele, akawaacha wanawake wa Kilugbara waliofika kabla yetu wakiwa wamesimama na vitoto mgongoni. Hatukuwaambia wapite. Tuliona raha, na Mama Mkubwa aliketi kwenye kile kiti kana kwamba aliachiwa na marehemu baba yake.

Karani alipanga kadi tatu juu ya meza. Alieleza kwa utaratibu, akigusa moja moja. Akaunti za hundi, alisema, ni za wenye maduka, hizo tuziache. Kwa watu wa kuweka akiba zilikuwa hizi. Ya kwanza ya mtu mmoja: yeye peke yake anaweka, yeye peke yake anatoa. Ya pili ya watu wawili, lakini mmoja akija bila mwenzake anapewa fedha yote, hata kama mwenzake yuko nyumbani anapika. Ya tatu ya watu wawili pia, ila shilingi haitoki mpaka wote wawili wamesimama mbele ya karani, siku moja, kila mmoja na alama yake. Kadi hizo, alisema, hubaki hapo benki. Sisi tungepewa kitabu tu. Akatuonya kwamba kadi ikishajazwa haibadilishwi mpaka wote wawili wakubali kuibadilisha.

Mimi nilitaka ya pili. Nilisema njia ni mbali, mmoja anaweza kuugua, mmoja anaweza kusafiri.

“Ile ya katikati iko ya wezi,” Mama Mkubwa alisema. “Mutu anaamuka asubuhi, mwenzake iko nalala, anakwenda nakula yote. Weka hii ya mwisho.”

Halafu ikaja habari ya alama. Yeye hakujua kuandika, kwa hiyo alama yake ilikuwa kidole gumba. Mimi nilishika kalamu, na nakiri nilikuwa nimeingoja kalamu ile tangu tutoke Koboko. Jina langu nilikuwa naliandika vizuri. Alinishika mkono. Akasema mimi nikiandika na yeye akiweka kidole, watu wa benki watadhani mwenye fedha ni mimi na yeye ni boi wangu. Karani alinitazama akingoja nibishe. Nikaweka kalamu chini, nikatoa kidole. Hapo karani akakunja uso: ilikuwa baada ya Idi, vidole vyetu vyote vilikuwa vyeusi kwa hina, mistari haionekani. Tukarudishwa nyumbani hadi hina ichujuke, na tulipokuja mara ya pili ilibidi tumuue mtu mwingine kule Arua ili tupate ruhusa.

Akaunti ilikua. Tukawazika jamaa wengi sana. Mume hakujua kitu, akawa anapiga kama kawaida yake, na mimi nikawa nimepoteza meno mawili ya pembeni na mimba moja. Baada ya mimba ile nilienda Arua kwetu kupumzika. Baba hakutaka kusikia habari ya kurudi nyumbani. Lakini shehe wa mtaa, mtu mpole, aliniambia kwamba sheria inanipa mlango: mke akirudisha mahari, anajikomboa. Inaitwa khului. Mume akishapokea mbele ya mashahidi, hana la kusema tena. Mahari yangu nilijua ilikuwa kiasi gani, na fungu langu pale benki liliitosha na kubaki.

Nilirudi Koboko nikiwa mwepesi. Nilimwambia Mama Mkubwa siku hiyohiyo, akiwa anatia rangi ukindu. Nilidhani atapiga vigelegele. Mwanamke huyu alikuwa ameniambia nitoke nyumbani kwake kwa kila lugha anayoijua. Aliwahi kuniombea dua ya kuondoka mbele ya wageni. Nilimwambia anachotakiwa kufanya ni kupanda gari pamoja nami, aweke kidole mara moja, na hataniona tena. Achukue fungu lake na hata kile kitakachobaki kwenye langu.

Akaendelea kutia rangi. Kisha akasema hawezi.

Nikadhani anataka nyongeza. Nikamwambia achukue anachotaka, aniachie ya mahari tu.

“Sitaki pesa yako,” alisema.

“Kila siku unaniambia niende.”

“Nilikuwa nasema tu.” Hakuniangalia. “Wewe ukienda, ile wiki yako nani atachukua?”

Nilikaa pale nikitazama mikono yake ikiwa myekundu ya rangi hadi kwenye viwiko. Kwa kadi ile ya pili, ile aliyoiita ya wezi, ningeamka alfajiri na jioni ningekuwa mwanamke huru. Nilimchukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mume wetu. Mume alikuwa kama mvua ya mawe, hana nia na mtu. Huyu alinihesabia majuma.

Nikamwambia nitaendelea kumwomba, nitamsumbua mpaka achoke. Kumbe hilo ndilo lililomtisha, kwamba siku moja angechoka kweli. Kabla juma halijaisha alimwambia mume kila kitu: benki, vitenge, shehe, mahari. Bila shaka alitumaini kwamba kwa kumwambia atahurumiwa. Alipigwa yeye kwanza, tena katika zamu yangu.

Mume alitupeleka Arua mwenyewe. Alivaa koti la jeshi alilonunua sokoni, maana hakuwahi kuwa askari hata siku moja, akasimama katikati yetu ameshika kiwiko cha kila mmoja. Karani alikuwa yuleyule. Akatoa kadi yetu, akalinganisha, akatuuliza kama tumekuja kwa hiari yetu, kwa kuwa kanuni ilimtaka aulize. Alituuliza akiwa anaangalia vifungo vya lile koti.

“Iko hiari,” Mama Mkubwa akasema.

Wakaningoja mimi. Nilisema ndiyo. Tulikuwa tumechagua kadi ngumu kuliko zote, kadi ambayo mwizi mmoja asingeiweza, na mume wetu aliiweza kwa sababu Mungu alimpa mikono miwili.

Hakununua redio safari hii. Alioa. Bibi harusi alitoka Ludara, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kucheka, na mahari yake, nilisikia wanaume wakiisifu barazani, ilikuwa taslimu, noti mpya za benki. Mama Mkubwa alisuka tabaga zake. Mimi nilipika, nikatandaza mikeka, nikawakaribisha wageni, na walipoondoka nikakaa nyuma ya jiko nikalia bila kujificha.

Mama Mkubwa akanifuata na kikombe. Miaka yote hakuwahi kuniletea hata maji. Akachuchumaa kando yangu, akakiweka mkononi mwangu, akasema kwa upole, kama mtu anayemfariji mfiwa:

“Nyamaza, mdogo yangu. Sasa tuko tatu.”

Ilikuwa chai ya sukari, wakati sukari ilikuwa haionekani madukani mwezi baada ya mwezi. Mume alikuwa amenunua gunia zima la magendo kwa ajili ya harusi. Nilikunywa yote. Katika fedha yangu ya benki, hicho kikombe ndicho nilichopata.