Ua la Bibi wa Stesheni na Debe Letu la Maji

Sisi tuliokuwa wadogo Mjerumani alipofikisha reli Dodoma tumebaki wachache, na kila tukikutana hatumalizi mazungumzo bila kutaja maji. Vijana wanatucheka. Wajukuu zangu wa Chang'ombe hufungua bomba, wakaenda kupiga soga, wakalikumbuka uani kumeshakuwa ziwa. Wangeonja siku moja tu ya kuchimba mchanga wa korongo, unangoja maji yajikusanye kidogo kidogo huku ng'ombe wa watu wanakupumulia kisogoni, wangelilinda bomba hilo kwa rungu.

Nakumbuka mchezo wetu mkubwa ulikuwa treni. Tulishikana viuno, wa mbele akitimua vumbi kuwa ndio moshi, tukalizunguka zizi mpaka shangazi atufukuze kwa fimbo. Njaa ikituuma tulirudi kwenye ugali wa uwele na mlenda, ule unaovutika mpaka kwenye kiwiko, tukaufuata kwa ulimi. Hakuna aliyetusomea adabu za mezani, maana meza yenyewe hatukuwa nayo.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi mvua zilikuwa zimegoma. Baba alikuwa mbele na kazi ya reli, kule inakoelekea Tabora, na mama alibaki na sisi wanne pamoja na shangazi. Stesheni kulikuwa na tangi la maji ya injini, linalindwa na askari, na mwenyeji hakuruhusiwa hata kuliegemea. Mama peke yake ndiye aliyepita. Mke wa bwana stesheni, Mjerumani mrefu mwenye kofia pana tuliyemwita Bibi wa Stesheni, alimwajiri atunze bustani yake, na mama akaomba ujira wake uwe debe moja la maji kila asubuhi. Akakubaliwa. Debe hilo ndilo tulilokunywa na kupikia, na masalia yake wakapata mbuzi.

Katika bustani ile kulikuwa na mmea mmoja ambao Bibi aliupenda kupita yote. Mizizi yake, minene kama mihogo michanga, ilisafiri na meli ndani ya sanduku la mchanga, nayo ilichimbwa uani kwa mama yake mzazi aliyekwisha kufariki. Siku hizi naambiwa ua lake linaitwa peoni. Mwaka wa kwanza mmea ulitoa majani tele ya kung'aa, lakini ua hata la dawa halikuonekana. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Bibi akakata tamaa, akamwambia mama kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Baridi hii pita, ua hapana, mimi ng'oa yote. Bustani basi." Bustani ikiisha, na debe limekwisha.

Mama alirudi nyumbani akamweleza shangazi kosa liko wapi. Tangu mwanzo alielekezwa kwamba yale macho mekundu ya mzizi, yanakochipukia majani, yafunikwe kwa udongo wa vidole viwili tu. Lakini mama alikuwa Mgogo, na kwetu kitu unachokionea huruma hukiachi karibu na jua. Aliuzika ule mzizi mpaka kiwikoni. Juu yake akashindilia samadi ya zizini, kama tunavyomshindilia mgeni chakula. "Huyu ni mtoto wa baridi," alisema, "jua letu litamkaanga."

Shangazi alimshauri anyamaze na aongeze samadi. Mama akamjibu, "Nikinyamaza maji yanakwisha. Nikisema, labda yanakwisha. Heri yaishe nimesema." Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Asubuhi nilifuatana naye. "Mbukwa, Bibi," mama alianza kwa salamu ya Kigogo. "Ua lako sikulipanda ulivyoniambia. Nililifukia chini sana. Nililihurumia, lisiungue na jua."

Bibi uso ukamwiva. Nilikuwa nimeshika debe letu tupu, nikaogopa kwamba halitajazwa tena. Kumbe Bibi alivua kofia, akapiga magoti vumbini kando ya mama, wakaanza kuparua udongo kwa mikono. Walipoyafikia macho ya mzizi Bibi akacheka huku machozi yanamtoka. Alisema hata yeye, alipokuwa mtoto, mama yake alimgombeza kwa kosa lilo hilo.

Udongo wa ziada ukaondolewa na samadi ikapelekwa kwenye mboga. Tawi lililoutia mmea kivuli cha asubuhi likakatwa. Ilipoingia Juni na ule upepo wetu unaokata masikio, hawakuufunika, kwani Bibi alisema usipopigwa baridi hauchanui. Mama akawa anaumwagilia maji ya mtungi uliolala nje, baridi mpaka meno yanauma. Baridi ilipokaribia kwisha likatokea tumba moja. Sisimizi wakalijaa, shangazi, aliyefuatana na mama siku hiyo, akaja mbio na majivu, Bibi akamzuia. Wale wanalamba utamu tu, alisema, hawadhuru kitu. Kisha likafunguka, jekundu la kufifia, limejaa kama bakuli. Bibi alikaa mbele yake asubuhi nzima. Siku chache baadaye upepo wa joto ukalipukutisha, lakini habari ya kung'oa haikusikika tena, na debe letu likaendelea kujaa.

Baadaye vita vilikuja, Bibi na mumewe wakaondoka, mbuzi wakaimaliza bustani. Simsifu Mjerumani, migongo ya baba zetu inamkumbuka kwa mengine. Lakini Bibi yule namshukuru, na mama namshukuru kila ninapoamka. Leo mtu akikosea kazini hutafuta wa kumtupia lawama kabla hajanawa mikono.

Nyumba za jirani mwaka ule zilizika watoto. Kwetu mvua iliporudi tulikuwa wanne bado. Mama alitutoa nje, akatupanga mbele ya mlango, tukalowa mpaka tukatetemeka, naye anatugusa vichwa mmoja mmoja, anarudia tena toka mwanzo. Siku hizi mvua ikidondoka, watoto huitwa ndani wasilowe. Sisi tuliitwa nje.